Vidonge Vilikuwa Vitupu, Lakini Miguu Ilikanyaga Kweli: Stori ya Kafeini na Watu Wasio na Majina

Vuta picha hii. Waendesha baiskeli sita, wanaume watupu, watu wa mazoezi ya kweli, si wale wa kupiga picha mbele ya kioo cha jimu na kurudi nyumbani. Wameitwa maabara Uingereza. Kazi yao ni moja: kukanyaga kilomita 10 kwa kasi yote waliyonayo, halafu warudi siku nyingine wafanye tena.

Mara mbili za mwanzo hawapewi kitu. Wanapimwa tu uwezo wao wa kawaida. Baada ya hapo wanaambiwa kuna raundi tatu za kumeza vidonge. Raundi moja ni kafeini ya wastani, miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Raundi nyingine ni dozi mara mbili yake, miligramu 9. Na raundi moja ni vidonge vitupu, vile ambavyo wataalamu wanaviita plasebo, kwa ajili ya kulinganisha.

Jamaa wakakanyaga. Majibu yakatoka safi kama ngazi. Walipoamini wamemeza dozi kubwa, nguvu waliyoitoa kwenye pedeli ilipanda kwa asilimia 3.1 juu ya kawaida yao. Walipoamini wamemeza dozi ya wastani, ilipanda kwa asilimia 1.3. Walipoamini wamepewa vidonge vitupu, ilishuka kwa asilimia 1.4 chini ya kawaida yao. Na wote sita walisema walizisikia dalili za kafeini mwilini.

Sasa hapo ndipo stori inapokolea. Kafeini haikuwepo. Raundi zote tatu, vidonge vyote, vilikuwa vitupu.

Utafiti huo ulichapishwa 2006. Walioufanya wanafahamika, majina yao yapo juu ya ripoti. Wale sita hawafahamiki. Hakuna anayejua wanaitwa nani, walikuwa wanaishi mtaa gani, wala kama bado wanaendesha baiskeli. Na ukiifuatilia historia ya kafeini na michezo toka mwanzo, utaona ndivyo ilivyo karibu kila mahali: anayepima anabaki na jina, anayemeza anabaki namba. Hii hapa ni stori ya wale waliomeza.

Kabla ya maabara

Kwamba buni inamwamsha mtu, hilo halikuhitaji mwanasayansi. Kahawa ilitoka nyanda za juu za Ethiopia, ikavuka kwenda Yemen, ikasambaa duniani. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na mgeni akifika nyumbani anakaribishwa nazo. Pwani, mzee na birika lake la shaba na vikombe vidogo vinavyogongana barazani hahitaji kutambulishwa kwa mtu.

Kafeini yenyewe, yaani ile kemikali iliyomo ndani, ilitengwa 1819 na mkemia kijana wa Kijerumani aliyeitwa Friedlieb Runge. Kuanzia hapo kahawa haikuwa tena kinywaji tu. Ilikuwa na kitu ndani yake ambacho unaweza kukitoa, kukipima kwenye mizani na kumpa mtu.

Na wanamichezo walipewa kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mashindano ya baiskeli ya siku sita mfululizo, mtu anazunguka uwanja mchana na usiku mpaka macho yanakataa kufunguka. Pembeni alisimama kocha wake na chupa. Ndani ya chupa hizo kulipita kila aina ya mchanganyiko: kahawa kali, kafeini, kokeini, pombe, hata strikinini, ambayo wengi wanaijua kama sumu ya panya. Mkanyagaji hakuwa na muda wa kuuliza ni nini. Alikuwa anapokea, anakunywa, anaendelea.

Mfano maarufu zaidi unatoka kwenye mbio badala ya baiskeli. Mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya St. Louis, Marekani, 1904, alipewa njiani strikinini pamoja na ute mweupe wa mayai na brandi. Alifika mstari wa mwisho akiwa anakaribia kuzimia, akiwa ameshikiliwa na watu wake. Kwa wakati huo hiyo haikuvunja sheria yoyote. Ilionekana ni huduma nzuri.

Hapo kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa kwenye zile chupa, kipi kilikuwa kinasaidia? Kipi kilikuwa kinaumiza? Na je, inawezekana kilichosaidia ni ile tu hali ya kujua kwamba kocha amekupa "kitu"?

Kidole kimoja cha Turin

Ili kujibu, ilibidi kwanza uchovu upimwe. Miaka ya 1880 mtaalamu wa fiziolojia wa mji wa Turin, Italia, Angelo Mosso, alitengeneza kifaa kinachoitwa ergografu. Ni kifaa rahisi ukikielewa. Mkono unafungwa mezani usicheze. Kidole cha kati kinaunganishwa na kamba, kamba inabeba uzito. Unakunja kidole, uzito unapanda. Unaachia, unashuka. Unarudia na kurudia mpaka kidole kinagoma, na kila mkunjo unachorwa kwenye karatasi. Mwanzoni michoro inakuwa mirefu, halafu inafupika kidogo kidogo mpaka inakuwa sifuri.

Kwa mara ya kwanza uchovu ulionekana kwa macho. Na kila mtafiti akapata wazo lile lile: mpe mtu kitu anywe, halafu utazame michoro. Kahawa, chai, pombe, kila kitu kikajaribiwa. Ripoti zikatoka zikisema kinywaji hiki kinaongeza nguvu, kile kinaongeza nguvu. Tatizo likawa moja. Aliyekunywa alijua amekunywa nini.

Hebu jiweke pale mezani. Umefungwa mkono, kidole kinauma, daktari anakuletea kikombe anakwambia hii ni dawa ya nguvu, tuone itafanya nini. Anakukodolea macho. Wewe utakunja kidole kile kile kivivu kama jana?

Mtu aliyekificha kikombe

Aliyeona tatizo hilo vizuri ni daktari Mwingereza, W.H.R. Rivers. Yeye na mwenzake, Webber, walichapisha kazi yao kuhusu kafeini na nguvu za misuli 1907. Walichofanya kinaonekana kidogo, lakini kilibadilisha mchezo. Walitengeneza kinywaji chenye ladha kali ya kuficha kila kitu. Siku nyingine kilikuwa na kafeini ndani, siku nyingine hakikuwa nayo. Ukionja, huwezi kutofautisha. Anayekunywa hajui leo ni siku gani.

Ndugu msomaji, huo ndio msingi wa karibu kila jaribio la dawa unalolisikia leo. Mtu asijue amepewa nini, ili moyo wake usimsaidie wala usimwangushe.

Na matokeo? Dozi ndogo za pombe, ambazo wengine walizipamba kwamba zinaongeza nguvu, zilipofichwa kwenye ladha namna hiyo hazikuonyesha maajabu yoyote. Sifa zake nyingi zilikuwa za kichwani. Lakini kafeini ilibaki imesimama. Hata mnywaji asipojua, kidole kilifanya kazi zaidi. Kwa hiyo tayari mwaka 1907 majibu mawili yalikuwa mezani kwa pamoja: kafeini inafanya kazi kweli, na imani nayo inafanya kazi kweli. Watu wakachukua lile la kwanza wakaliimba miaka mingi. La pili likawekwa kando kama uchafu wa kusafishwa kwenye hesabu.

Miaka minne baadaye njia hiyo ikafika mahakamani. Serikali ya Marekani ilikamata shehena ya Coca-Cola ikidai kafeini iliyomo inadhuru walaji, na kesi ikasikilizwa Chattanooga, Tennessee, 1911. Kampuni ikagundua haina ushahidi wa kisayansi kuhusu kafeini na binadamu, ikamwajiri mwanasaikolojia kijana, Harry Hollingworth. Akakusanya watu 16 mjini New York, akawamezesha vidonge kwa wiki kadhaa, vingine vya kafeini, vingine vya sukari ya maziwa, akapima kasi ya mikono, utulivu wa mikono na akili zao. Hakuona dalili ya madhara kwa dozi za kawaida, na kwenye kazi nyingi kafeini iliwachangamsha. Hollingworth akapata jina. Wale 16 wakabaki safu kwenye majedwali.

Tisa wa Indiana

Ruka mpaka 1978. Maabara ya Chuo Kikuu cha Ball State, jimbo la Indiana, Marekani. Waendesha baiskeli wa mashindano tisa wanapewa kahawa, halafu baada ya saa moja wanakanyaga kwa kiwango kizito mpaka washindwe. Siku moja kahawa ina miligramu 330 za kafeini. Siku nyingine ni kahawa iliyoondolewa kafeini.

Wenye kahawa iliyoondolewa kafeini waligoma baada ya dakika 75.5 kwa wastani. Wenye kafeini walifika dakika 90.2. Karibu robo saa zaidi! Taarifa hiyo ikasambaa kwenye vilabu vya baiskeli na riadha kama moto wa nyika. Kahawa ikawa silaha.

Watafiti wa wakati ule waliamini siri ni mafuta: kwamba kafeini inaufanya mwili uchome mafuta mapema na kutunza sukari ya kwenye misuli. Leo maelezo yanayokubalika zaidi yanaanzia kichwani. Mwili ukifanya kazi unarundika kemikali inayoitwa adenosini, ambayo inakaa kwenye vipokezi vya ubongo na kuuambia: tumechoka, tupunguze. Kafeini inafanana nayo kwa umbo. Inawahi kiti. Adenosini inafika inakuta nafasi imekaliwa, ujumbe wa uchovu unachelewa. Uchovu wenyewe haujafutwa, ila taarifa yake imecheleweshwa mlangoni.

Hapo ndipo unapoanza kuelewa kwa nini imani na kafeini vinakutana. Vyote viwili vinagusa mahali pamoja, pale ubongo unapoamua kama mguu uendelee au usimame.

Kikombe kikawa kosa

Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilipoona hivyo ikaweka kikomo. Kuanzia 1984 mwanamichezo aliyekutwa na kafeini zaidi ya mikrogramu 15 kwa kila mililita ya mkojo alihesabiwa ametumia dawa haramu. Baadaye kikomo kikashushwa mpaka 12.

Seoul, 1988. Mwanamichezo mmoja wa Australia wa pentathlon ya kisasa, mchezo ambao wakati ule ulikuwa wa kuogelea, kukimbia, kulenga shabaha, upanga na farasi, anapimwa. Kafeini imezidi. Anaondolewa kwenye michezo na kurudishwa nyumbani kama mhalifu. Yeye akashikilia kauli moja: alikunywa kahawa tu. Ilimchukua muda na mapambano mengi kusafisha jina lake, lakini lilisafishwa, na 1992 alikuwa Olimpiki tena, Barcelona.

Ubaya wa kipimo kile ni kwamba miili haitoi kafeini kwa mwendo mmoja. Watu wawili wanaweza kunywa kiasi sawa, mkojo ukasema mambo tofauti. Na dozi inayosaidia mashindanoni iko chini kabisa ya kile kikomo, kwa hiyo mjanja angeweza kufaidika bila kukamatwa, huku mnywaji wa kawaida akiishi na wasiwasi. Tarehe 1 Januari 2004 Wakala wa Dunia wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, aliitoa kafeini kwenye orodha ya marufuku. Mpaka leo inafuatiliwa tu kuona matumizi yanaendaje.

Mlango ukafunguka. Vidonge, jeli, ubani wa kutafuna, makopo ya enaji, unga wa kuchanganya kabla ya mazoezi. Kile alichokuwa anakificha kocha wa mbio za siku sita kikaanza kuuzwa dukani, kimeandikwa kwa herufi kubwa.

Warudi wale sita

Ni ndani ya hali hiyo wale sita walimeza vidonge vyao vitupu. Watafiti waligeuza lile swali la 1907. Badala ya kuificha kafeini ili imani isiingilie, waliificha imani ndani ya kidonge kitupu ili waone yenyewe ina uzito gani.

Tuwe wakweli: watu sita ni wachache, na namba za watu sita zinayumba. Huwezi kujenga nyumba juu yake. Ndiyo maana kilichofuata ni muhimu. 2008, waendesha baiskeli 14 walikanyaga kilomita 40 katika hali nne: kuambiwa kafeini na kupewa kweli, kuambiwa na kunyimwa, kuambiwa hakuna na kupewa kimyakimya, kuambiwa hakuna na kunyimwa. Kafeini yenyewe ilileta ongezeko la wazi. Maneno peke yake yalileta kidogo. Kwa hiyo anayekwambia kafeini ni stori ya kichwani tu, anakosea.

Mwaka huo huo, pale pale Turin kwenye mji wa kile kidole, watafiti wakafanya ujanja wa aina yake. Waliwapa watu kitu kisicho na kafeini, wakawaambia ni kafeini ya dozi kubwa, wakawapa kazi ya kunyanyua uzito kwa mguu. Halafu, bila kusema, wakapunguza uzito. Mtu ananyanyua, anaona mzigo umekuwa mwepesi, anajisemea: kumbe dawa inafanya kazi! Siku ya mwisho uzito ukarudishwa ulivyokuwa. Na bado mguu ukafanya kazi kubwa kuliko mwanzo, na uchovu ukasikika kidogo. Mwili ulikuwa umeshajifunza kuamini.

Halafu ikaja São Paulo, Brazil. Utafiti uliochapishwa 2017 ulichukua waendesha baiskeli 42. Kila mmoja alipita raundi ya kafeini, raundi ya plasebo na raundi ya bila kitu, na akaulizwa: unadhani umemeza nini? Waliomeza kafeini na wakabahatisha kwamba ni kafeini ndio waliofaidika zaidi. Waliomeza kafeini bila kujua walifaidika pia, ila kwa kiasi kidogo. Baadhi waliomeza plasebo wakidhani ni kafeini walionekana kupata kitu. Na waliotambua kwamba wamepewa kidonge kitupu, kwao kulikuwa na dalili ya kushuka.

Hilo la mwisho ndilo watu wanalipita haraka, na ndilo lile lile lililowakuta wale sita kwenye raundi waliyoamini ni tupu. Fikiria: hakuna kilichobadilika mwilini. Chakula kile kile, baiskeli ile ile, vidonge vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijiona amenyimwa. Na alipojiona amenyimwa, alitoa chini ya uwezo alionao bila kidonge chochote. Yaani imani haiongezi tu. Inakata pia.

Sasa mtazame yule kijana asiyeweza kugusa chuma mpaka apate kopo lake. Siku limekosekana dukani, mazoezi yanakuwa mabovu. Anasema ni kwa sababu mwili unalihitaji, na kweli mnywaji wa kila siku akikosa kafeini kichwa kinaweza kumgonga. Lakini sehemu ya ule udhaifu anaibeba mwenyewe kutoka nyumbani, akiwa tayari ameshajiambia leo hana.

Nukta moja ilipokaa pabaya

Kuna upande mmoja wa stori hii ambao imani haina kauli kabisa.

Machi 2015, kwenye chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, wanafunzi wawili wa sayansi ya michezo walijitolea kwenye jaribio la darasani. Jaribio lenyewe ni lile lile la tangu 1907: meza kafeini, fanya mazoezi, tuone. Kila mmoja alitakiwa kupata gramu 0.3. Walipewa gramu 30.

Mara mia moja. Mahakama iliambiwa baadaye kwamba hesabu ilifanywa kwa simu ya mkononi na nukta ikakaa mahali pasipo pake. Chuo kilikuwa kimeacha kutumia vidonge na kuhamia kwenye unga, na unga hauhesabiki kwa macho. Kile walichokunywa vijana wale, kimechanganywa na maji na juisi, kililinganishwa na vikombe 300 vya kahawa kwa mkupuo. Vifo vilikuwa vimewahi kuripotiwa kwa gramu 18 tu.

Wakakimbizwa hospitali, chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikawasafisha damu. Walipona. Januari 2017 chuo kilitozwa faini ya pauni 400,000.

Hao wawili hawakudanganywa kama wale sita wa 2006. Waliambiwa wanapewa kafeini, na kafeini walipewa. Waliamini mikono iliyowapa. Lakini gramu 30 hazikuuliza nani anaamini nini. Moyo ulianza kwenda mbio kwa sababu ya hesabu, na hesabu hiyo hiyo ingefanya vivyo hivyo kwa mtu aliyekuwa anaamini anakunywa maji.

Kwa hiyo kopo lako lina nini?

Wataalamu wa lishe ya michezo wanataja miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya mwili, karibu saa moja kabla, kuwa dozi ambayo kwa wengi inasaidia. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 180 mpaka 360. Kopo la enaji la mililita 250 mara nyingi lina kama 80. Ukifika miligramu 9 kwa kilo, ile dozi kubwa walioyoiamini wale sita, faida haiongezeki kwa maana, ila mikono inatetemeka, tumbo linavurugika na usingizi unakataa. Na kukosa usingizi ni hasara kwa mwanamichezo yeyote. Kwa mtu mzima mwenye afya, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataja miligramu 400 kwa siku kama kiasi ambacho kwa kawaida hakina madhara. Mamlaka hiyo hiyo inaonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha unga wa kafeini tupu kinaweza kubeba kafeini ya vikombe 28 vya kahawa. Kijiko kimoja! Ndiyo maana unga wa kafeini wa kupima kwa jicho, ule wa kuagiza mtandaoni kwenye mfuko usio na maelezo, si kitu cha kuchezea hata kama mshikaji wako anautumia na anaposti misuli.

Ukiziweka pamoja hizo zote, kuanzia kidole cha Turin mpaka nukta ya 2015, kuna vitu viwili vinavyokaa ndani ya kikombe kimoja. Kimoja kinapimwa kwa miligramu, kina faida mpaka kiwango fulani, na baada ya hapo kinaua. Kingine hakipimiki kwenye mizani, hakiuzwi, na kiasi chake kinategemea umeambiwa nini na umeamua kuamini nini. Wauzaji wanajua kutofautisha. Ile radi iliyochorwa kwenye kopo, jina la kutisha, rangi nyeusi na nyekundu, vyote hivyo vinahudumia kile kitu cha pili, na unavilipia wewe.

Wale sita waliambiwa ukweli mwishoni. Watafiti walikaa nao wakawaeleza kwamba vidonge vyote vilikuwa vitupu, na wakawahoji tena. Hebu jiweke kwenye kiti kile. Unaambiwa ile siku uliyopaa, siku uliyotoa asilimia 3 zaidi ya uwezo wako, hukuwa umemeza kitu. Utajisikia umetapeliwa? Au utajiuliza ile nguvu ilikuwa imekaa wapi siku zote?

Maana miguu ilikanyaga kweli. Mashine ilirekodi. Hakuna aliyewasukuma.